Vidonge vya mitishamba vya sukari kutoka Kariakoo: nyota 2 kati ya 5

Chupa ni ya plastiki nyeupe, ina kapsuli 60 za kijani, na bei yake ni shilingi 35,000. Mama yangu aliinunua mwezi wa tatu kwenye duka moja la dawa za asili pale Kariakoo. Mimi nimenunua ya pili mwezi wa tano ili niandike nikiwa nayo mkononi. Sitaji jina la duka wala la dawa, maana vidonge vya namna hii vimejaa mjini na vingi vinabeba maneno yaleyale. Hayo maneno ndiyo ninayotaka kuyapitia.

Huduma kwanza. Duka ni safi na kijana anayeuza ana adabu. Alimpa mama kiti, akamwita bimkubwa, akamuuliza sukari imemwanza lini na usiku anakula nini. Kliniki mama hukaa foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi na kumwona daktari kwa dakika chache tu, kwa hiyo namwelewa kabisa alipotoka dukani pale akiwa na furaha. Mtu alikuwa amemsikiliza. Kwa hilo nyota moja natoa bila kinyongo.

Ndani ya boksi mna kijikaratasi. Yaliyomo ni karela, majani ya mlonge na uwatu. Chini yake pameandikwa kwamba dawa imethibitishwa kisayansi kwa panya wenye kisukari, hurudisha kongosho katika hali yake, inafaa kwa kila aina ya kisukari na haina madhara yoyote. Kijana akaongeza la kwake: mama apumzishe metformini, dawa yake ya sukari ya kliniki, mwezi mmoja ili mitishamba ipate nafasi. Mama akaipumzisha, wala hakuniambia.

Kabla ya hapo sukari yake ya asubuhi, kabla ya kula, ilikuwa inacheza kwenye 7. Siku ya kumi na tisa kipimo kikasoma 14.6. Alikuwa anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, midomo imemkauka, na maneno yanamtoka kwa tabu. Kliniki walimrudishia dawa zake, na ikachukua wiki kadhaa hadi namba zikashuka.

Sasa hao panya. Nawafahamu, kwa sababu miaka 11 nilikuwa msaidizi katika nyumba ya wanyama wa maabara, na kwa mikono yangu nimewatia kisukari wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Unachukua panya weupe wakubwa, madume, wa wiki nane hadi kumi, wenye gramu 200 na kitu. Madume, kwa kuwa majike sumu ya kuwatia kisukari haiwakamati vizuri. Unawalaza na njaa usiku mmoja. Asubuhi unayeyusha unga wa sumu hiyo, streptozotosini, kwenye maji yenye asidi kidogo na kuwachoma upesi, kwa sababu ukichelewa unaharibika. Dawa ile inaua seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Usiku wa kwanza unawawekea maji ya glukosi, kwani seli zinazokufa humwaga insulini yote kwa mpigo, na panya anaweza kufa kwa kushuka sukari kabla hata hajaugua kisukari. Siku ya tatu unatoboa ncha ya mkia, unapima tone la damu, na sukari ikiwa juu unaandika kwenye kadi ya kizimba: ana kisukari. Kutoka hapo anapewa maji ya majani kwa wiki mbili tatu.

Huyo ndiye anayetajwa kwenye kijikaratasi. Panya kijana mwenye afya, aliyetiwa sumu Jumatatu na kuitwa mgonjwa Alhamisi.

Mama ana miaka 67. Kisukari chake ni cha aina ya 2, na kilijijenga kwa miaka mingi: insulini ilikuwepo, ila ini na misuli viliacha kuisikia, kongosho likafanya kazi ya ziada hadi likachoka. Hata sumu yenyewe hatuipokei sawa na panya. Streptozotosini hupenya seli ya beta kupitia protini iitwayo GLUT2, na seli za panya zimejaa protini hiyo kuliko zetu. Dawa hiyohiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1982 kutibu saratani ya seli za kongosho, na wagonjwa kwa kawaida hawageuki kuwa kama wale panya wangu wa siku ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona nikiwa kazini na likaninyima raha. Sumu ya pili inayotumika sana ni aloksani, ambayo tangu mwaka 1943 inajulikana kuharibu seli hizohizo. Inaua kwa kuzalisha chembe kali za oksijeni ndani ya seli. Karibu kila jani la kijani lina kemikali zinazozima chembe hizo. Sasa mpe panya maji ya majani kwanza, halafu mchome aloksani: sumu inapoteza nguvu, panya haugui, na ripoti inaandika kwamba jani linakinga kisukari. Jani limezima sumu, basi. Ndani ya mwili wa mama hamna aloksani ya kuzimwa.

Na hilo la kurudisha kongosho? Seli za beta za panya kijana zinaweza kuchipua upya kwa kiasi fulani hata usipompa kitu. Za mtu mzima hugawanyika kwa nadra sana. Isitoshe, watu wengi wenye aina ya 2 hukutwa na utando wa protini uliogandamana katikati ya seli hizo. Protini inayounda utando huo panya pia anayo, lakini ya kwake ina tofauti ndogo ya umbo inayoizuia kugandamana. Hapo panya hawezi kutuonyesha kama jani linasafisha kitu ambacho yeye hana.

Twende kwenye kipimo, maana hapa ndipo elfu 35 zinapoulizwa. Katika majaribio ya aina hii, miligramu 400 kwa kila kilo ya panya ni kiwango cha kawaida. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2005, hugawanya kipimo cha panya mkubwa kwa 6.2 ili kukadiria cha mtu, kwa kuwa mwili mdogo huchoma dawa haraka zaidi. Mama ana kilo 62. Hesabu inatoa karibu gramu 4 kwa siku. Kapsuli moja ina miligramu 350, na maelekezo ni mbili kwa siku, yaani gramu 0.7. Ili amfikie panya angemeza kapsuli 11 au 12 kila siku, na chupa isingemaliza wiki. Tena panya hupewa rojo lililokamuliwa kwa spiriti na kukaushwa, wakati kapsuli hizi nimezifungua na ndani ni majani yaliyosagwa tu.

Watu wenyewe wamepimwa pia. Mwaka 2012 jopo la Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, lilipitia majaribio ya karela kwa wagonjwa wa aina ya 2, likaona ushahidi hautoshi kusema inasaidia. Kijikaratasi hakina neno juu ya hilo.

Madhara. Siku nne za mwanzo mama alikuwa na kichefuchefu na aliharisha. Kijana wa duka aliposimuliwa alishangaa kweli, kwa sababu panya hawakuonyesha hivyo. Panya hatapiki! Mwili wake hauwezi. Wala hana kifuko cha nyongo, wala hakwambii kichwa kinamzunguka. Jaribio la kupima sumu kwa dozi moja huwa ni panya wachache wenye afya, wanaopewa dozi kubwa na kuangaliwa siku 14. Wakibaki hai inaandikwa ni salama. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye miaka 67, presha, na amlodipini, kidonge cha presha, kila asubuhi.

Hata makampuni makubwa yamewahi kudanganyika hapa. Troglitazoni ilikuwa dawa ya kisukari, ikajaribiwa kwa wanyama bila kuonyesha balaa la ini, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1997. Machi 2000 iliondolewa sokoni, baada ya wagonjwa kuharibikiwa ini na wengine kufa.

Siku ileile mama aliponunua chupa, kijana alimwonya aache sakarini, sukari bandia anayotia kwenye chai, kwa kuwa iliwapa panya saratani ya kibofu. Ni kweli iliwapa, panya madume, na mwaka 1977 Marekani ilitaka kuipiga marufuku. Baadaye ikajulikana kwamba mkojo wa panya hao una protini na madini kwa wingi, na sakarini nyingi ikiingia humo hutokea punje zinazokwaruza kibofu mpaka kinaota uvimbe. Mkojo wetu hauko hivyo, na mwaka 2000 onyo likaondolewa kwenye pakiti. Kwa dakika kumi mama yangu aliambiwa amini panya kwa majani na ogopa panya kwa sakarini, na mara zote mbili panya alikuwa anazungumzia mwili wake mwenyewe.

Siidharau kazi niliyoifanya. Bila mbwa aliyetolewa kongosho huko Strasbourg mwaka 1889 tusingejua kisukari kinaanzia wapi, na bila mbwa wa Toronto, Kanada, wa 1921 insulini isingepatikana. Lakini hata hapo, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 mwenye kisukari, alipochomwa insulini mara ya kwanza tarehe 11 Januari 1922, sukari ilishuka kidogo tu na sindano ikamwachia jipu. James Collip, mkemia wa timu ya Toronto, akaisafisha dawa upya, na tarehe 23 ndipo ikafanya kazi. Mbwa waliwafikisha watafiti mlangoni, na kilichobaki walijifunza kwa mvulana, wakimpima kila siku.

Nyota ya pili naitoa kwa sababu ya yaliyotokea wiki iliyopita. Nilirudi dukani na kijikaratasi, nikakaa kwenye kiti kilekile cha mama, nikamwonyesha kijana hesabu ya kilo 62. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dada, mimi nilisoma imethibitishwa nikajua ni watu," akasema. Hakujua pia kwamba metformini haiachwi bila daktari, na ameniahidi hatamwambia mteja tena. Boksi zilizokuwa kaunta alizipigia kwa kalamu ya wino mwekundu mstari juu ya "haina madhara yoyote" mbele yangu, zilikuwa kumi na mbili. Zilizoko stoo amesema ni za tajiri, hawezi kuzigusa.

Chupa yangu sikuitumia, ukiacha kapsuli tatu nilizozipasua. Amekubali kuipokea kwa risiti na kunirudishia nusu ya bei. Mama asubuhi ya leo kapima 7.2.