Matairi ya kiangazi kwa barabara za mvua: chungulia chini ya mfereji kabla hujalipa

Nilinunua matairi manne mapya, nikayasifu miaka miwili, na mwaka wa tatu yakanitia mtaroni.

Hayakuwa vipara. Fundi aliyeyapima siku ile alikuta kashata, yaani lile tabaka lenye mistari linalogusa lami, bado ina milimita tatu na kidogo. Sheria katika nchi nyingi zinakubali hadi 1.6 mm, kwa hiyo nilikuwa na karibu maradufu ya kiwango hicho. Upepo wa matairi ulikuwa sawa. Mwendo ulikuwa 80. Mvua ilikuwa imenyesha robo saa, maji yametuama kwenye mabonde yaliyochimbwa na magurudumu ya malori, nami nilikuwa naingia kona pana ninayoipita kila siku. Usukani ukawa mwepesi ghafla, mwepesi wa kutisha, kama umekatwa. Gari lilikuwa limeshaiacha lami, linaelea. Namshukuru Mungu nilikuwa peke yangu na mtaro ulikuwa wa nyasi.

Nilipomrudia muuzaji alinionyesha karatasi yenye herufi A ya kushika barabara yenye maji, akasema kosa ni mwendo wangu. Tangu nisimulie kisa hicho, wasomaji kadhaa wameniletea cha kwao, na sentensi moja inajirudia kwa wote: "Mwanzoni yalikuwa mazuri sana." Hapo ndipo penye ugonjwa, na ndiyo maana mwongozo huu hautakueleza habari za kelele, ulaji wa mafuta wala ulaini wa safari. Hayo utayapata popote. Saizi soma kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, uifuate. Mpira wa kiangazi umeundwa kwa hali ya joto na huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kama unakoishi hakuna baridi ya namna hiyo, hilo nalo limekwisha.

Tuje kwenye mifereji.

Chukua tairi lenye upana wa milimita 205, gari likienda kilomita 80 kwa saa juu ya maji yenye kina cha milimita 3. Piga hesabu mwenyewe: kila sekunde tairi hilo moja linakutana na zaidi ya lita 13 za maji, na lazima liyaondoe ili mpira uguse lami. Maji hayo yana njia moja tu ya maana, nayo ni mifereji. Mifereji ikizidiwa, maji yanajikusanya mbele ya tairi kama kabari na kulinyanyua.

Sasa, wengi hutazama mfereji kwa juu. Wanaona mpana, wanaridhika. Mimi nakuomba uinamishe kichwa utazame ukuta wake. Matairi mengi yana mifereji iliyochongwa kama herufi V: juu pana, chini pamebanwa. Likiwa jipya huoni tatizo lolote. Tairi linavyolika, upande mpana ndio unaotangulia kwenda, na unachobaki nacho ni ule ufa mwembamba wa chini. Kina kimepungua, upana nao umepungua.

Nichukue mfano wa tarakimu, maana ndio ulionifungua macho. Mfereji wa kwanza una kina cha milimita 8, upana wa 10 juu na 4 chini. Wa pili una kina hicho hicho, lakini kuta zake zimesimama wima, upana 7 juu hadi chini. Ikiwa mipya, nafasi ya maji ni sawasawa: milimita za mraba 56 kila mmoja. Matairi yalike mpaka kina kibaki milimita 3. Wa kuta za wima unabaki na 21. Wa V unabaki na 15 na kitu. Matairi mawili yaliyotoka dukani yakiwa ndugu, sasa moja lina nafasi kubwa kuliko jenzake kwa zaidi ya theluthi moja, na kipimo cha kina cha fundi kitasoma 3 kwa yote mawili.

Kuna na ile mikato myembamba kama ya wembe inayokatiza vitofali vya kashata. Kazi yake ni kuvunja utando wa maji unaobaki baada ya mfereji kumaliza kazi yake. Katika matairi mengi mikato hiyo haishuki mpaka chini. Inaishia nusu. Tairi likifika nusu ya maisha yake, vitofali vinakuwa vipande vya mpira mtupu, na breki kwenye mvua zinaanza kuwa ndefu bila wewe kujua sababu.

Ukienda dukani chukua njiti ya kiberiti na tochi ya simu. Mulika ndani ya mfereji. Kama kuta zinakaribiana kadiri unavyoshuka, jua unanunua tairi la miaka miwili. Kisha ingiza ncha ya karatasi ngumu kwenye ule mkato mwembamba, weka alama ya kina ilipofika, ulinganishe na njiti uliyosimamisha kwenye mfereji mkuu. Zikikaribiana, hapo pana mtengenezaji aliyefikiria mwaka wako wa tatu. Muuzaji atakutazama vibaya. Mwache atazame.

Na ile herufi A? Ni kweli, lakini ni kweli ya siku ya kwanza. Lebo ya Umoja wa Ulaya ilianza Novemba 2012, ikafanyiwa marekebisho Mei 2021, na sasa ngazi zake ni A hadi E. Jaribio lake ni la kufunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa, na tofauti ya kusimama kati ya ngazi ya juu na ya chini inaweza kufika mita 18, karibu urefu wa magari madogo manne. Kwa hiyo usinunue chini ya B. Lakini tairi linalojaribiwa ni jipya, na maji ya jaribio hilo ni ya kama milimita moja tu. Alama ya Kimarekani ya AA, A, B na C nayo hupima breki za mstari ulionyooka kwenye lami iliyoloweshwa. Haisemi neno juu ya kona wala kuelea. Ndiyo kwanza, kuanzia Julai 2024, Ulaya imeanza kudai aina mpya za matairi ya magari madogo zipimwe kwenye maji zikiwa zimechakaa pia. Imechukua muda mrefu mno, na watu wameumia.

Haya, nipange sasa.

La kwanza ni Michelin Primacy 4, na mdogo wake Primacy 4+ ukimpata. Sifichi upendeleo wangu. Michelin ndio walioingiza silika kwenye mpira wa matairi ya magari madogo mwaka 1992, na silika ndiyo inayofanya mpira ushike lami iliyolowa bila kuongeza ulaji wa mafuta. Ila sababu yangu ni nyingine. Primacy 4 ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa kwa ahadi ya kubaki salama hata ikilika, na ukimulika mifereji yake utaona ahadi hiyo kwa macho: kuta zimesimama wima, chini pana karibu sawa na juu. Primacy 4+ ikaongeza mpira wa aina ya pili chini ya ule wa juu, unaojitokeza jinsi tairi linavyolika. Ndiyo niliyofunga baada ya mtaro. Sasa ina milimita 4 na bado naiamini kwenye kona ileile. Likiwa jipya si bingwa wa breki kwenye maji, nakubali. Yapo yanayolishinda kwa mita kadhaa. Lakini hulifungi siku moja. Unalifunga miaka minne.

La pili ni Continental PremiumContact 7, lililotoka 2023. Ukiniuliza lipi linasimama upesi kwenye mvua likiwa jipya, nitakutajia hili bila kusita. Dereva anayekimbiza kilomita nyingi na kubadilisha matairi mapema, kabla ya milimita 3, anaweza kulipandisha namba moja wala sitagombana naye.

La tatu, Uniroyal RainSport 5. Uniroyal walitoa tairi lao la kwanza la mvua mwaka 1969 na hawajaiacha kazi hiyo. Kuta za mifereji zimenakshiwa kwa kuiga ngozi ya papa ili maji yateleze bila kujizungusha. Kwenye madimbwi halina mzaha. Kwenye lami kavu yenye joto mimi huliona legevu, usukani unachelewa kuitika. Jihadhari na jina lenyewe: Uniroyal ya Ulaya ni ya Continental, ya Amerika Kaskazini ni ya Michelin, na matairi yake ni tofauti kabisa. Usimkubali anayekwambia "Uniroyal ni Uniroyal."

Nokian Wetproof naliweka la nne, na nalitaja kwa heshima kwa sababu moja: matairi ya kiangazi ya Nokian yana alama ya tone la maji kwenye kashata, na tone hilo hufutika ikibaki milimita 4. Kampuni inakwambia wazi kwamba tangu leo uwe mwangalifu kwenye madimbwi. Kwa nini wengi hawafanyi hivyo? Vile vijiti vya mpira ndani ya mifereji, vya kuonyesha tairi limekwisha, vinatokea kwenye 1.6 mm, wakati ambapo kwa mvua kubwa umechelewa siku nyingi. Mimi hubadilisha kwenye 3. Bridgestone Turanza 6 lipo hapo hapo karibu, zuri, sina la kulilalamikia wala la kunifanya nilipandishe.

Ya bei ya chini: mulika mfereji, soma herufi, kama ni B na kuta zimesimama, nunua. Mengi nimeyakuta ya V. Yaliyokwisha kutumika usiniulize, kwa barabara za mvua sipendekezi hata moja.

Sasa wauzaji, maana nina dukuduku nao.

Kwanza umri. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeuziwa mimi "jipya kabisa" lililokaa ghalani miaka minne, kwa bei ileile ya lililotoka kiwandani juzi. Mpira hukakamaa hata ukilala. Soma tarakimu hizo kwa kila tairi, yote manne, kabla hayajafungwa kwenye rimu, kwa sababu likishafungwa utaambiwa haliwezi kurudi.

Pili, kukushawishi ununue pana zaidi. "Pana linashika zaidi." Kwenye lami kavu, pengine. Kwenye maji tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuondoa na linaikandamiza lami kwa nguvu ndogo zaidi kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo huelea mapema. Na bei yake kwa kawaida iko juu. Unalipa zaidi ili uelee upesi.

Tatu ndilo lililonigombanisha. Ukinunua mawili tu, karibu kila gereji itayafunga mbele, eti ndiko kwenye injini na usukani. Michelin wenyewe na watengenezaji wengine wanasema mapya yaende nyuma, iwe gari linavutwa na magurudumu ya mbele au linasukumwa na ya nyuma. Mbele likiteleza unahisi usukani na unaachia mafuta. Nyuma ikielea, mkia unakuzunguka na dereva wa kawaida hana la kufanya. Nilipomnunulia mama yangu mawili mwaka jana, vijana walikuwa wameshayafunga mbele na jeki imeshuka. Walikataa kuyahamisha bila malipo ya pili. Nililipa, nikavuta kiti, nikakaa pale pale mpaka nati ya mwisho ya gurudumu la nyuma ilipokazwa.