Uzoefu wangu na Chispa: kutafuta mchumba Mlatino Houston bila kumvunjia mtu heshima

Chispa ni programu ya simu ya kutafutia wachumba. Ilianzishwa mwaka 2017 na Match Group, kampuni yenye Tinder, kwa kushirikiana na Univision, televisheni ya Kihispania inayotazamwa sana na Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Mexico, Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi. Nimeitumia nikiwa Houston, Texas. Mimi ni Mtanga, Mwislamu, nafanya kazi ya zamu hospitalini, na Kihispania changu ni cha kuokoteza kazini. Naandika kwa sababu vijana wetu wengi huku wananiuliza maswali yaleyale, na ushauri wanaopeana wao kwa wao mwingi ni wa kuwadhalilisha mabinti za watu.

Msimamo wangu ni huu: hakuna mwanamke ambaye ni "Mlatino" basi. Yupo wa Honduras, yupo wa Puebla kule Mexico, yupo wa San Antonio hapahapa Texas ambaye babu na bibi yake walizaliwa hapohapo. Mwingine Mkatoliki wa kila Jumapili, mwingine mlokole, mwingine hana habari na dini. Sensa ya Marekani ya 2020 iliwahesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Huwezi kuwa na mbinu moja ya kuwapata watu milioni 62, na anayekuuzia mbinu hiyo anakula hela yako.

Kabla ya Chispa nilijiunga na mtandao mwingine, jina naliacha, unaotangaza wanawake wa Amerika ya Kusini "wanaokusubiri". Picha zote za studio. Mabinti wa miaka 22 wanasema hawajali umri wa mwanamume. Kila barua unayotuma, na kila unayoifungua, inakatwa krediti, na krediti unanunua kwa dola. Barua zilianza kumiminika hata picha yangu sijaweka. Nikamwuliza mmoja jambo dogo tu: unakaa mji gani, na leo huko mvua imenyesha? Jibu likaja refu, limejaa mapenzi, lakini mji hakuutaja na mvua hakuigusa. Nikafunga akaunti siku ileile. Mtandao unaoingiza hela kwa kila barua hautaki muonane, maana mkionana barua zimekwisha. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipokea kwa mwaka 2022 malalamiko ya watu karibu 70,000 waliotapeliwa kwa jina la mapenzi, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Hao si wajinga. Ni watu walioshikwa na upweke, na upweke huku ughaibuni sote tunaujua.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Marekani ina sheria ya mwaka 2005 inayowabana mawakala wa ndoa za kimataifa. Wakala hawezi kukupa mawasiliano ya mwanamke wa ng'ambo mpaka kwanza mwanamke huyo apewe taarifa zako, yakiwemo makosa ya jinai kama unayo, kisha akubali kwa maandishi. Nimesikia wanaume wakiilalamikia. Mimi naiona ya haki kabisa. Nyumbani binti haposwi na mtu ambaye wazee hawajamchunguza, sasa kwa nini binti wa Cali au wa Tegucigalpa atolewe kwa mtu asiyejulikana atokako?

Turudi kwenye Chispa. Inaendeshwa kama Tinder: picha, maelezo mafupi, unatelezesha kidole, na hakuna anayeweza kumwandikia mwenzake mpaka wote wawili mmependezwa. Kwangu hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Mwanamke hafungui simu akakuta lundo la ujumbe wa watu asiowataka, kwa hiyo akikujibu amekujibu kwa hiari yake. Toleo la bure lilinitosha. La kulipia linakuonyesha waliokupenda kabla wewe hujawachagua, na kwa mtu mwenye zamu za usiku kama mimi lingeokoa muda, ila sikuona haja. Kwa Houston watu wapo tele. Ukikaa mji mdogo wa kaskazini wenye familia chache za Walatino, tarajia kuwaona watu walewale mara kwa mara. Hilo ni la programu zote za aina hii.

Wasifu wangu niliuandika kwa Kiingereza, nikaongeza mistari mitatu ya Kihispania niliyoitunga mwenyewe. Sikuipitisha kwenye tafsiri ya mashine. Niliandika kwamba mimi ni Mwislamu, sinywi pombe, sili nguruwe, usiku niko kazini, na ninatafuta ndoa. Picha mbili tu: moja ya kanzu siku ya Idd, nyingine ya sare za kazi. Jamaa zangu walisema najifungia riziki. Lakini aliyenichagua baada ya kusoma yote hayo alikuwa ameshanikubali nusu, na mazungumzo yalianzia mahali pazuri.

Sasa kuhusu kuchati, maana hapa ndipo vijana wanapoharibu. Usianze na umbo lake. Usimwulize kama anajua salsa, usimwambie umesikia wanawake wa kwao "ni moto". Kila mmoja niliyeongea naye ameshaandikiwa hayo hadi amechoka. Soma alichoandika, uulize kuhusu hicho. Na kabisa usiulize makaratasi. Sisi tunajua swali hilo linavyochoma mtu akikuuliza hujamjua hata wiki. Watu wengi wa El Salvador, kwa mfano, wameishi kwa kibali cha hifadhi ya muda waliyopewa mwaka 2001 baada ya matetemeko makubwa ya ardhi kwao, na tangu hapo kinahuishwa na kuhuishwa. Mtu amelea watoto hapa, amelipa kodi miaka yote, bado hajui kesho yake. Akitaka kukueleza atakueleza. Wewe si ofisa wa uhamiaji.

Miadi yangu ya kwanza ilikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, Mmeksiko kwa asili. Tulionana mchana Hermann Park, kila mtu akaja na gari lake. Aliniambia mapema kwamba Kihispania hakijui vizuri. Wazazi wake walikatazwa kukisema shuleni enzi zao, wakaamua watoto wasipate tabu hiyo. Ukoo wake ulikuwapo Texas kabla Texas haijaingia Marekani mwaka 1845, na bado wanaume humwuliza kwenye programu amehamia lini. Tuliongea vizuri, tukatembea mpaka jua likawa kali. Wiki iliyofuata akaniandikia wazi kwamba ananiheshimu ila haoni ndoa kati yetu. Nikamshukuru. Kukataliwa kwa adabu ni jambo zuri, na nalo lipokewe kwa adabu: hakuna kubembeleza, hakuna kuuliza kwa nini mara ya pili.

Wa pili ndiye ninayetaka kumsema zaidi. Ni Mgarifuna wa Honduras, wa upande wa La Ceiba. Wagarifuna ni uzao wa Waafrika na wenyeji wa visiwa vya Karibi. Waingereza waliwang'oa St. Vincent mwaka 1797 wakawashusha Roatán, kisiwa kilichopo mbele ya pwani ya Honduras, na kutoka hapo wakaenea ufukweni mpaka Belize na Guatemala. Wana lugha yao mbali na Kihispania. Ngozi yake ni kama yangu. Kwenye programu wanaume walikuwa wakimwambia hafanani na Mlatino, tena wengine wao ni Walatino. Alinieleza hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza foleni ya barabarani, na nikajisikia vibaya kwa niaba yake.

Kabla ya kuonana aliomba simu ya video. Nikafurahi aliomba yeye, maana mimi nilikuwa nasita nisimwonyeshe kwamba simwamini. Mahali akachagua yeye: mgahawa mdogo wa Wahonduras upande wa Gulfton, Jumamosi saa saba mchana. Alikuja na binamu yake. Yule binamu alinisalimu, akanitazama juu hadi chini, akaenda kukaa meza ya dirishani na simu yake. Kuna watu wangechukia. Mimi niliona sawa kabisa, hata kwetu mambo ya posa huwa hivyohivyo, mtu haji peke yake.

Tulitaka kuagiza baleada, ambayo ni chapati laini ya ngano iliyokunjwa, ndani maharage ya kupondwa, jibini na malai. Mhudumu akaanza kuandika. Yule binti akamzuia kwa mkono, akamwuliza maharage yamekaangwa kwa mafuta gani. Mhudumu akasema mafuta ya nguruwe. Akauliza yapo mengine? Hayapo. Basi akatuagizia wote wawili samaki wa kukaanga na ndizi, na akamwomba mhudumu asipike kwenye mafuta yaliyokaangiwa nguruwe. Mimi hata sijafungua mdomo. Alikuwa amesoma ule mstari mmoja wa wasifu wangu, akaukumbuka, na akafuata mpaka jikoni. Nimeishi na watu hapa miaka mingi, hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo bila kuombwa.

Mazungumzo yalikwenda wapi? Nazi. Kwao wanakuna nazi, wanakamua tui, wanapika samaki humo, na ndizi zinapondwa kwenye kinu kirefu cha mti mpaka zilainike. Chakula hicho wanakiita hudut. Nikamweleza jinsi bibi yangu Tanga alivyokuwa akikalia mbuzi ya kukunia nazi. Akaomba kuona picha. Nikaitafuta, akampelekea mama yake papo hapo, na mama akajibu kwa ujumbe wa sauti mrefu sana ambao sikuuelewa ila kicheko chake nilikielewa.

Bili ilipofika nilitaka kulipa. Akakubali, kisha akasema kahawa ya mara ijayo ni yake. Usilazimishe mambo ya bili. Wapo watakaotaka ulipe kwa sababu wamelelewa hivyo, wapo watakaotaka mgawane wasije wakadaiwa kitu. Uliza, ufuate. Kuhusu kusalimiana, wengi hugusanisha shavu, lakini mwache aanze yeye. Akitoa mkono, pokea mkono.

Kwa wanaopanga kusafiri kwenda kuonana na mtu, sikilizeni hili. Mnamo Januari 2024 ubalozi wa Marekani Colombia ulitoa tahadhari baada ya Wamarekani wanane kufa Medellín katika miezi miwili ya mwisho ya 2023, vifo vya kutiliwa shaka, na kadhaa vikihusishwa na programu za wachumba. Kuna dawa ya kulewesha wanayoiita burundanga, inatiwa kwenye kinywaji. Kwa hiyo muonane mchana, mbele za watu, kinywaji chako usikiache peke yake, mtu usiyemjua usimpeleke chumbani, na ndugu yako ajue ulipo. Haya hayawachafui Wakolombia. Wao wenyewe ndio wanaoibiwa kwa njia hiyo kila siku, na wao ndio watakaokwambia uwe mwangalifu.

La mwisho ni familia. Kualikwa nyumbani kwao chakula cha Jumapili, mama yupo, shangazi wapo, watoto wanakimbia uani, si miadi ya kawaida. Ni hatua, na kila aliyeko pale anajua ni hatua. Kama nia yako bado haijatulia, mwombe akupe muda, usiende kula wali wa watu na kuwapa matumaini. Programu haikufundishi hilo, wala haiwezi.

Kwa jumla Chispa naipa nyota nne kati ya tano. Mimi mwaliko wa Jumapili nimeuitikia, na dini tumeshaanza kuizungumza kwa uwazi, yeye na mimi na mama yake. Akaunti yangu nimeifuta.