Upasuaji bila kisu umemsaidia mwanangu, lakini yule dada wa eksirei!

Upasuaji wenyewe nitausema, ila kwanza yule dada wa chumba cha eksirei, maana moyo bado unaniuma.

Binti yangu ana miaka 5. Tangu mwaka juzi ni homa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), dozi ikiisha inaanza nyingine, mpaka daktari akahisi mkojo unatoka kwenye kibofu na kupanda tena kwenye figo. Ukiachwa hivyo na maambukizi, figo zinapata makovu. Kipimo chake: mtoto anawekewa mpira kwenye njia ya mkojo, kibofu kinajazwa dawa, anapigwa picha huku anakojoa palepale mezani. Asipokojoa, picha haijakamilika.

Tulitoka Igombe alfajiri kwenda hospitali moja mjini Mwanza. Mpaka saa sita tuko kwenye benchi. Mtoto akajikojolea kidogo, nikawa nafuta na kanga. Yule dada akatoka: "We mama, jitoto zima hilo linakojoa hovyo? Hapa chooni?" Watu wote wakageuka. Mwanangu akaficha uso mapajani mwangu.

Nusu saa baadaye dada huyohuyo anamwambia, "Haya, kojoa." Angekojoaje? Alibana mpaka miguu ikatetemeka. "Mama, nitagombezwa." Tukaambiwa turudi wiki nyingine. Mpira upya, maumivu upya!

Niliapa sirudi. Nikarudi, ningefanyaje? Safari hiyo tukamkuta mzee mmoja mpole, akafungulia bomba la sinki maji yachuruzike. "Kojoa mjukuu wangu, hapa panaruhusiwa." Akakojoa. Picha ikaonyesha kweli mkojo unapanda: daraja la 4 kati ya 5 (5 ndiyo mbaya zaidi), figo ya kushoto.

Tukapewa rufaa Dar. Nusu kaputi, kamera ikapitia njia ya mkojo, wakachoma sindano ya jeli pale mrija wa figo unapoingilia kibofu, tundu likabana. Siku hiyohiyo tukaruhusiwa. Usiku nilimfunua tumbo nitafute kidonda, sikuona hata mchubuko. Walituonya kwamba wengine huchomwa zaidi ya mara moja, lakini kwa nilichokiona, mzazi ukishauriwa na daktari, usiogope.

Ila hospitali ile ya Mwanza siwezi kumwelekeza mtu. Au nimwelekeze, aombe yule mzee? Sijui.

Juzi tumerudi kwa picha ya marudio. Mkojo haupandi tena, namshukuru Mungu. Lakini dada yule alikuwepo mlangoni, na kabla hatujaitwa mwanangu aliniomba nimpeleke chooni mara tatu.