DC-3 na wenzake: kitabu kipi na modeli ipi ununue kwanza

Mtu akiniambia anapenda ndege za zamani za Marekani na anataka kuanza kukusanya vitabu na modeli, humuuliza jambo moja tu: ndege gani? Akijibu "zote", namwomba arudi akafikiri. Ukianza na zote utaishia na Mustang ya kivita isiyo na magurudumu, B-17 ya mabomu iliyounganishwa nusu, na kitabu kizito ambacho kila ndege imepewa picha mbili. Chagua moja, uijue mpaka ribiti zake, kisha uhamie nyingine.

Mimi nilichagua DC-3, ndege ya abiria ya injini mbili ya kampuni ya Douglas. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, Santa Monica, California, na huku kwetu ndiyo Dakota iliyobeba abiria wa East African Airways miaka mingi kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Mifano mingi hapa chini ni ya kwake, lakini mpangilio huu utakufaa hata kama moyo wako uko kwa Mustang au Constellation.

Nafasi ya kwanza naipa kitabu chembamba cha ndege moja, kilichojaa picha. Kitabu kabla ya modeli, ndiyo. Vile vya wachapishaji Squadron/Signal wa Texas ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, hasa vinavyokuzungusha ndege nzima kwa picha za karibu: mlango, tairi, chumba cha rubani, moshi ulivyochafua bati nyuma ya injini. Vingi vinapatikana vikiwa vimeshatumika, na kwa kuwa ni vyepesi, gharama ya kuvisafirisha haiumizi. Picha hizo ndizo zilizonifundisha kwamba magurudumu ya DC-3 hayafichiki yote yakikunjwa. Nusu ya tairi hubaki ikichungulia chini ya injini. Bila kitabu ningedhani kiwanda kimesahau kunipa vifuniko.

Ya pili ni modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, kipimo cha 1/72. Maana yake ni kwamba kila sentimita 72 za ndege halisi zinakuwa sentimita moja mezani. DC-3 yenye mabawa ya mita 29 inakuwa na sentimita 40, na Mustang haifiki 16. Pima rafu kabla ya kulipa. Kwa kipimo cha 1/48 DC-3 hiyohiyo inafika sentimita 60, na hapo watu wa nyumbani wataanza kuuliza maswali.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Sanduku jipya halimaanishi modeli mpya. Viwanda hutunza kalibu zao, yaani vyombo vya kumiminia plastiki, kwa miongo kadhaa, vikizitoa upya kwa picha mpya ya juu. Airfix ya Uingereza ilitoa DC-3 ya 1/72 mwaka 1960, kisha ikatengeneza kalibu mpya kabisa ya Dakota na kuitoa mwaka 2014. Zote mbili bado zinauzwa mitandaoni, na muuzaji anayetaka kumaliza mzigo hatakwambia tofauti. Uliza mwaka wa kalibu, wala usiridhike na mwaka wa sanduku. Omba pia picha ya vipande vyenyewe: mistari ya maungio ya bati ikiwa imezama ndani, mara nyingi ni kalibu ya karibuni, ikiwa imeinuka juu kama mishipa, ni ya zamani. Ya zamani si lazima iwe mbaya. C-47 (DC-3 ya jeshi) ya kiwanda cha Monogram ya 1/48, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, ina mistari iliyoinuka na bado ina umbo zuri sana.

Jambo jingine: modeli nyingi za sokoni ni hiyo C-47, yenye mlango mkubwa wa mizigo ubavuni kushoto. Hilo lisikuvunje moyo. Vita vilipokwisha, ndege nyingi za jeshi ziliuzwa kwa mashirika ya abiria, hivyo mlango huo mkubwa unaweza kuwa sahihi kabisa kwenye ndege ya kiraia. Tafuta picha ya ndege unayotaka kuiga, uhesabu madirisha na uangalie mlango, ndipo ununue alama zake za kubandika.

Kwa gundi, nunua ile maalumu ya plastiki. Supagluu iweke mbali na vioo. Modeli yangu ya kwanza niliibandika kioo cha rubani kwa supagluu jioni moja, ikionekana safi. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Rangi chagua za akriliki, zinazooshwa kwa maji. Zile za mafuta, pamoja na viyeyushi vyake, huwaka moto, na ndugu anayekuja kwa ndege haruhusiwi kukubebea kwenye sanduku lake.

Ya tatu ni kumbukumbu za rubani mwenyewe. Nunua *Fate Is the Hunter* cha Ernest K. Gann, cha mwaka 1961. Gann alirusha DC-2 na DC-3 za abiria, na wakati wa vita akapewa C-87 za mizigo. Ukurasa ambao ndege iliyolemewa na mafuta inaruka kutoka Agra, India, na kuponea chupuchupu kuigonga Taj Mahal niliusoma nimesimama. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki naongeza *Over African Jungles* cha Martin Johnson, cha 1935. Yeye na mkewe Osa walizunguka anga za Kenya na Tanganyika na ndege mbili za Sikorsky zinazotua majini na nchi kavu, moja imepakwa mistari ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Lugha yake kuhusu Waafrika ni ya kikoloni na inachukiza, lakini picha zilizopigwa kutoka angani hazina mfano.

Ya nne, modeli za chuma zilizokwisha kuunganishwa na kupakwa rangi. Zinamfaa asiye na muda. Za Hobby Master na Corgi za 1/72 ni nzito mkononi na rangi yake ni safi, ila bei yake inazipita za plastiki kwa mbali. Za 1/400 ni ndogo mno kwa DC-3: sentimita saba tu. Zinapendeza kwa Boeing 707.

Ya tano ni vitabu vikubwa vya historia ya kampuni nzima, kama kile cha René Francillon kuhusu McDonnell Douglas. Ni hazina, lakini ni ya mtu aliyekwisha kuwa na maswali.

Mwisho kabisa naweka zile za mbao za kuwekwa mezani ofisini. Nimeziona DC-3 za mbao zenye pua ya papa na mabawa yaliyonyooka, wakati bawa la DC-3 limerudi nyuma upande wa mbele na ukingo wake wa nyuma karibu umenyooka. Kwa pesa hiyohiyo unapata modeli ya plastiki, gundi, rangi tatu na kitabu.