Unataka gari la sola? Soma hii kabla hujatoa hela

Wadau, naulizwa sana kuhusu gari lenye paneli mgongoni linalojichaji lenyewe, kwa hiyo nimezipanga kuanzia ile ningenunua kesho.

Ila kwanza hesabu. Paa la gari dogo linabeba paneli za wati 400 hivi, jua la Dar tuseme masaa matano, hizo ni uniti mbili, toa zinazopotea njiani, gari la umeme la kawaida linakwenda kama kilomita 10 basi. Na hilo jua ulipate lazima upaki juani wakati wenzio wanagombania kivuli cha mwembe, ukirudi saa tisa usukani haushikiki na betri nayo imeiva, na joto ndo linaua betri.

Namba moja kwangu ni gari la umeme la kawaida, paneli ziwe juu ya nyumba. Paneli 10 za wati 550 zinakupa uniti zaidi ya 20 siku ya jua, yaani kilomita 100 na ushee. Shida ni kwamba mchana gari liko kazini na jua liko nyumbani, so ama uchaji wikiendi ama ununue betri ya nyumba, na hiyo ndo inakula hela kweli. Ukichukua Nissan Leaf ya mtumba, washa uhesabu vijiboksi vya betri pembeni ya dashibodi, mpya vinakuwa 12, kikipungua kimoja ujue betri imeshapoteza kama asilimia 15. Betri ya hizi Leaf za mtumba haipozwi kwa maji, kwa joto la pwani vijiboksi hivyo vinaenda haraka, kwa hiyo vihesabu mwenyewe, usitegemee picha ya muuzaji.

Ya pili Toyota Prius PHV (haibridi ya petroli na umeme ambayo betri yake unaweza kuichaji kwa waya) ya Japani ya kuanzia 2017 yenye paneli ya wati 180. Siku nzuri inakuongezea kilomita 6 hivi, ni kidogo lakini petroli ipo. Angalizo, Prius ya kizazi cha tatu (ile ya 2009 hadi 2015) nayo unaweza kuikuta na paneli juu, ile inazungusha feni ya kupoza ndani tu, haichaji betri ya kuendeshea, usiongezewe bei kwa ajili yake.

Ya tatu Aptera ya Marekani, wati 700 hivi, wenyewe wanasema mpaka kilomita 64 kwa siku. Wamefikaje huko? Tairi tatu, siti mbili, umbo kama samaki ili upepo usiishike. Kama una watoto watatu ishakataa.

Za mwisho zinaniuma. Lightyear 0 ya Uholanzi ilijaza paneli mita 5 za mraba, mota kila tairi, ikafika kilomita 70 za jua kwa siku ila bei euro 250,000, uzalishaji ukasimama Januari 2023. Sono Sion ya Ujerumani ilikuwa ya bei ya watu, ikafutwa mwezi uliofuata watu wakiwa washalipa oda. Kwa hiyo yeyote anayekuomba advansi ya gari la sola muulize la kwanza limekabidhiwa lini, na hela yako inarudi vipi wakikwama.