Uzoefu wangu: Square and Compass, Worth Matravers, na matembezi ya kilomita 7 na mbwa

Kati ya baa za vijijini Uingereza zinazopokea mbwa, hii ya Square and Compass, katika kijiji cha Worth Matravers, jimbo la Dorset, naiweka mbele, na sababu ya kwanza ni sakafu. Ni mabamba ya mawe, kwa hiyo mbwa aliyejaa matope haharibu kitu, wala hakuna anayekukunjia uso. Kaunta ya kawaida haipo: unaagiza kwenye kidirisha ndani ya korido nyembamba. Watu wakijaa, mbwa hugusana pua na pua hapo, na ndipo ugomvi huanza. Mmoja wenu aagize, mwingine abaki na mbwa kwenye meza za nje zinazotazama bahari.

Chakula ni pai za mkononi, basi. Mbwa usimwonjeshe: pai za namna hii huwa na vitunguu, na kitunguu, hata kikiiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Beba chakula chake.

Kutoka mji wa Wareham shika barabara ya A351 hadi kijiji cha Corfe Castle, kisha panda kwa barabara ya B3069 kupitia kijiji cha Kingston. Kona ni nyingi. Mbwa anayetapika garini asile kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya safari, na afungwe mkanda wake au akae kwenye kizimba. Maegesho ya kijiji ni ya kulipia, hatua chache kutoka baa.

Matembezi yanaanza kwa kushuka bondeni hadi Winspit, machimbo ya mawe yaliyoachwa kando ya bahari. Mapangoni usiingie, mawe huporomoka. Hapo geuka kulia, ufuate njia ya pwani hadi rasi ya St Aldhelm's Head, juu ya magenge yanayozidi mita 100. Kamba iwe fupi, isizidi mita 2. Ile inayojivuta na kurefuka iache nyumbani, kwa sababu mbwa akimwona shakwe anaruka, breki ya kamba hiyo hukawia, na ukingo hauna uzio. Maji beba lita moja kwa mbwa wa kilo 20. Huko juu hakuna kivuli wala kijito.

Kwenye rasi kuna kanisa dogo la mawe la zama za Wanormani. Wengi huendelea magharibi, wakakutana na ngazi za mteremko mkali mno. Mbwa mzee au mwenye miguu mifupi magoti yake hayataziweza. Mimi napendekeza ukate kuelekea bara kwa njia ya changarawe hadi shamba la Renscombe, kisha urudi kijijini. Saa mbili na nusu zinatosha.

Ng'ombe wenye ndama ndio hatari kubwa kuliko genge. Wazungukie mbali. Wakikujia mbio, achia kamba: wanamfuata mbwa, naye ana mbio kukushinda wewe.

Kabla ya kuondoka, mpandishe mbwa kwenye buti la gari umkague kupe: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta, kwa hiyo papasa kwa ncha za vidole kinyume na manyoya. Mng'oe kwa kijiti maalumu cha kung'olea kupe, chenye mpasuko, kiingize karibu na ngozi, zungusha taratibu. Usimminye tumbo wala kumpaka mafuta, atatapikia vimelea ndani ya jeraha.