Kung'oa herufi za nyuma ya gari Malindi bila kuumiza rangi: fundi wa mshipi wa kuvulia samaki

Kama uko Malindi na unataka kutoa nembo au herufi za kromu kwenye gari lako, mpelekee kijana mmoja anayeosha magari kando ya Barabara ya Lamu. Kibanda chake hakina jina. Ni bati, pipa la maji na mwarobaini wa kivuli, lakini kazi yake ni safi kuliko ya gereji nyingi zenye mabango makubwa.

Gari langu ni Toyota Fielder nyekundu, ilitoka Japani ikiwa imeshatumika kama nyingi za hapa. Upepo wa bahari umeila kromu ya herufi za nyuma mpaka ikabambuka na kuacha ncha kali zinazomkata vidole kila anayeliosha. Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi alinijia na bisibisi bapa mkononi kabla hata hajalitazama gari. Niliondoka.

Huyu wangu alianza kwa kuuliza: mlango huu wa nyuma umewahi kupakwa rangi upya? Hapo nikajua nimefika. Rangi ya kiwandani huokwa kwa joto na hushika sana, ila ile ya kupulizwa gereji, kama haikufanywa vizuri, yaweza kubanduka pamoja na gundi. Kisha akafungua plastiki ya ndani ya mlango, akamulika kwa tochi ya simu. Herufi zilishikwa kwa gundi ya povu tu, lakini nembo ya Toyota ilikuwa na vipini vilivyopita kwenye matundu ya bati.

"Mama, hii tuiache," akasema. "Ikitoka utabaki na matundu, maji yaingie, na chumvi ya hapa unaijua."

Tukaiacha, na bado nasema alinishauri vyema.

Aliosha sehemu ile kwanza, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya mshipi hukwaruza. Akabandika masking tepu kuzunguka herufi, halafu akazipasha moto kwa draya ya saluni, akiisogeza muda wote na kugusa bati kwa kiganja. Joto linatakiwa kulainisha gundi, si kuichoma rangi. Ndipo akatoa mshipi wa nailoni, ule ule wa wavuvi, ncha zake amezifunga kwenye vijiti viwili asijikate. Akaupitisha nyuma ya herufi na kuuvuta huku na huku taratibu. Ukigoma, haongezi nguvu, anaongeza joto. Herufi zilianguka moja moja kiganjani mwake.

Mabaki ya gundi aliyaviringisha kwa kidole gumba mpaka yakatoka kama uzi, na yaliyobaki akayapangusa kwa spiriti kwenye kitambaa laini. Jirani yangu aliyekuja kutazama alimwambia atumie thina amalize upesi. Akakataa katakata, na namshukuru. Thina inaweza kula rangi, hasa kama gari limewahi kupulizwa upya.

Sasa jambo la kulijua kabla hujaenda: kivuli cha jina kinabaki. Jua limeififisha rangi yote isipokuwa pale palipofunikwa na herufi, na nyekundu ndiyo hufifia vibaya zaidi. Alipiga polishi, kivuli kikapungua sana, lakini jua la jioni likipiga kwa ubavu bado unalisoma jina. Nilimwomba aendelee kusugua, hakukubali. Klia ya kiwandani, lile tabaka angavu linalofunika rangi, ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kila polishi huondoa kidogo. Ikiisha, huna cha kuizuia rangi isiliwe na jua. Mimi naona afadhali kivuli kuliko klia iliyokwisha. Gari jeupe halitakusumbua hivyo.

Mwisho alipaka nta. Nimekagua pale mahali kwa tochi usiku, hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Nililipa shilingi 1,500 pamoja na polishi, kwa M-Pesa. Hapokei miadi, kwa hiyo nenda asubuhi na mapema kabla tuktuk hazijajipanga kuoshwa, na usimharakishe. Kama una haraka, peleka siku nyingine.